Shingo ya Pikipiki: Kutunza na Kubadilisha Koni Nyumbani

Usukani wa pikipiki ukianza kugonga, dawa inayotolewa vijiweni karibu kila mahali ni moja: leta spana, kaza nati. Mara nyingi mlio hutoweka siku hiyo hiyo, mwenye pikipiki analipa na kuondoka ameridhika. Baada ya muda mlio unarudi, safari hii ukiwa na mwenzake: usukani unanasa katikati. Kukaza nati kunaondoa mchezo tu. Hakuwezi kufuta kishimo kwenye chuma, wala kurudisha grisi iliyokwisha. Kazi yenyewe inayohitajika iko ndani ya uwezo wa mtu mwenye spana, nyundo, subira na Jumapili moja isiyo na haraka, na ndiyo maana naandika mwongozo huu.

Tuelewane kwanza juu ya majina. Mbele kabisa ya fremu, chini ya usukani, kuna bomba fupi nene lililolala kwa mteremko. Hiyo ndiyo shingo. Ndani yake unapita mhimili wa chuma ambao chini umeshikana na kibano cha shokapu mbili za mbele, na juu unafungwa kwenye kibano kingine, kile ambacho usukani umekalia. Ili mhimili ugeuke bila kucheza, kuna beringi mbili, moja juu ya shingo na moja chini. Katika pikipiki nyingi ndogo, zile za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria na magunia huku kwetu, kila beringi ni gololi zilizopangwa kati ya vyuma viwili vya duara: kikombe kilichogongewa ndani ya shingo, na koni iliyo upande wa mhimili. Aliyewahi kufungua baiskeli ya Phoenix ameshauona mpangilio huu. Tofauti ni uzito na mwendo.

Kwa nini zinakufa katikati

Beringi ya gurudumu huzunguka mzunguko kamili mamia ya mara katika kila kilomita, na kila mzunguko unasambaza grisi upya. Beringi ya shingo haizunguki kamwe. Ukiwa barabara kuu, usukani unasogea nyuzi chache tu kushoto na kulia, kwa hiyo kila gololi inakaa sehemu ile ile ya kikombe saa nzima, ikitetemeshwa na injini na barabara. Grisi iliyo chini ya gololi inasukumwa kando, chuma kinasagana na chuma, unga mwekundu wa kutu unatokea, na unga huo nao unaendelea kusaga. Mwishowe kila gololi inajichimbia kitanda chake. Usukani ukiwa umenyooka, gololi zote zinatumbukia vitandani kwa pamoja, na hapo ndipo unapohisi kunasa.

Mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell, alionyesha mwaka 1900 namna ya kupima ugumu wa chuma kwa kukandamiza gololi juu yake na kupima alama inayobaki. Mafundi wa beringi duniani wamezipa alama za namna hiyo jina lake. Lakini vishimo vingi vya shingo ya pikipiki havitokani na kukandamizwa kwa nguvu. Miaka ya 1930, magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni masafa marefu huko Marekani yalifika yakiwa na beringi za magurudumu zilizochimbika, ingawa magurudumu hayakuwa yamezunguka. Mtikisiko mdogo wa safari ulitosha. Shingo ya pikipiki inaishi katika hali hiyo kila siku, ndiyo maana mtu anayeendesha taratibu kwenye lami nzuri anaweza kushangaa koni zake zimekufa mapema. Kinachoziokoa ni grisi inayobadilishwa kwa wakati.

Barabara mbaya inaongeza njia yake ya kuua. Nati ikilegea, hata kidogo, gololi zinapata nafasi ya kuruka na kutua. Kila tuta, kila shimo na kila breki ya ghafla ya mbele inakuwa nyundo. Hapa vishimo vinachimbwa kwa kupigwa hasa. Kwa hiyo mlio wa kugonga usiuache uendelee hata wiki moja. Nati iliyolegea ikirekebishwa mapema inaweza kuokoa seti nzima.

Maji ndiyo adui wa tatu, na kwa maoni yangu ndiye anayemaliza koni nyingi kuliko wote wawili. Beringi ya chini inabeba uzito wa mbele wote na ndiyo iliyo karibu na matope yanayorushwa na tairi, kwa hiyo mara nyingi inatangulia kuharibika. Mashine ya kuoshea yenye presha ikielekezwa shingoni inapenyeza maji chini ya kifuniko cha vumbi, na maji hayo hayana pa kutokea. Mwambie kijana anayekuoshea aelekeze bomba kwenye rimu na madigadi, shingo aipanguse kwa kitambaa. Walioko Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina chumvi, wana sababu zaidi ya kusisitiza jambo hili.

Kupima kabla ya kufungua

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati mahali tambarare. Weka kreti imara au gogo chini ya injini, si chini ya bomba la moshi, mpaka gurudumu la mbele linyanyuke. Ita mtu wa kukusaidia.

Shika shokapu mbili kwa chini, karibu na ekseli, sukuma na kuvuta kwenda mbele na nyuma. Msaidizi aweke kidole pale kibano cha chini kinapokutana na shingo. Kukiwa na mchezo shingoni, kidole chake kitauhisi. Usipohisika hapo, lakini ukahisika pale bomba la shokapu linapoingia ndani ya jingine, basi shokapu ndizo zilizochoka. Na ukiona gurudumu linacheza kushoto na kulia huku shokapu zimetulia, tatizo ni beringi za gurudumu. Kuna watu wamenunua seti ya koni kwa sababu ya beringi ya gurudumu, na mlio ukabaki. Kidole cha msaidizi hakina gharama, kitumie.

Sasa geuza usukani kwa vidole viwili tu, polepole, kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Uende laini, bila kukwaruza na bila kusita. Angalia pia kama waya wa klachi, wa akseli au wa spidi mita haujabanwa mahali, maana waya uliobanwa unaweza kukudanganya kwamba shingo ni nzito.

Barabarani dalili ni hizi. Shingo iliyolegea inagonga ukikanyaga tuta au ukishika breki ya mbele, na usukani unaweza kutikisika mikono ikiwa milegevu. Shingo iliyokazwa mno ni ya siri zaidi na ndiyo ya kuogopwa: ukiwa mwendo mdogo kwenye foleni, pikipiki haishiki njia, inayumba kidogo kulia, kidogo kushoto, nawe unajikuta unaisahihisha kila mara. Pikipiki husimama kwa marekebisho madogo sana ya usukani ambayo dereva hayafikirii. Ukiyazuia kwa nati, unamnyang'anya dereva kitu kinachomweka wima.

Baada ya kupima, uamuzi unakuwa wazi. Kuna mchezo lakini usukani ni laini: rekebisha nati tu. Kuna mikwaruzo lakini hakuna kunasa: fungua, safisha, tia grisi mpya, ukiwa tayari kukuta haja ya kubadilisha. Usukani unanasa katikati: nunua seti.

Kununua

Nunua seti kamili, vikombe vyote, koni zote, gololi zote na mpira wa kuzuia vumbi kama unauzwa. Usikubali kuuziwa gololi peke yake. Gololi mpya kwenye kikombe cha zamani zitaingia katika vitanda vile vile, na fedha yako itakuwa imepotea. Ukiweza, fungua kwanza na uende dukani na vyuma vya zamani mkononi, uvilinganishe kimoja kimoja: kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani, kimo. Pikipiki mbili za jina moja, za miaka tofauti, zinaweza kuwa na shingo tofauti.

Pikipiki nyingi kubwa hutumia beringi za roli zilizochongoka badala ya gololi, na baadhi ya wenye pikipiki ndogo hubadilisha kwenda huko. Roli inagusa chuma kwa mstari mzima wakati gololi inagusa kwa nukta, kwa hiyo inahimili mzigo zaidi. Beringi hizi huwa na namba inayosomeka: 32005 kwa mfano ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje milimita 47 na unene milimita 15, 32006 ni 30 kwa 55 kwa 17. Ukizidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano unapata tundu. Lakini roli zikiwa nene kuliko gololi ulizotoa, kimo cha mhimili kinabadilika na nati inaweza kukosa pa kushika. Kama hujapata seti iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki yako, baki na gololi. Kwa kazi ya bodaboda, gololi zilizotiwa grisi vizuri zinatosha.

Grisi iwe ya lithiamu, ugumu namba 2, iliyoandikwa EP kama ipo. Kopo dogo linatosha. Usitumie grisi iliyochukuliwa kwenye kopo lililoachwa wazi kijiweni, lina mchanga.

Kufungua

Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu: njia ya kila waya, upande wa kila wosha, kimo cha shokapu juu ya kibano. Toa waya hasi wa betri. Ondoa tangi na uliweke mbali, si pembeni. Kazi hii ina nyundo juu ya chuma, na huenda ikahitaji moto.

Gurudumu likiwa bado chini, legeza kidogo nati kubwa iliyo juu ya mhimili na bolti zinazobana shokapu. Usipofanya hivyo sasa, utahangaika nazo pikipiki ikiwa imening'inia na kuyumba. Kisha nyanyua mbele na uhakikishe imetulia. Isukume kwa mkono. Ikisogea, usiendelee.

Toa gurudumu. Kama breki ni ya diski, ning'iniza kalipa kwa waya mgumu, isibebwe na bomba lake la mafuta, na asiwepo mtu wa kushika breki ya usukani wakati diski haipo. Toa madigadi, kisha shokapu moja moja. Usukani hauhitaji kuvuliwa waya zake. Fungua bolti zake, uulaze nyuma juu ya kitambaa, kikopo cha mafuta ya breki kikiwa kimesimama. Taa kubwa nayo iachie bolti zake tu, uifunge pembeni.

Sasa ondoa nati ya juu na kibano cha juu. Utakuta nati ya duara yenye mikato, wakati mwingine mbili. Zinafunguliwa kwa spana ya ndoano. Wengi huzifungua kwa tindo na nyundo, nami nakusihi usifanye hivyo: mikato inaharibika, na nati hiyo hiyo ndiyo utakayoihitaji baadaye kwa marekebisho ya unyeti mkubwa. Mchomeleaji yeyote wa mtaani anaweza kukuchongea spana ya ndoano kutoka kipande cha bomba.

Tandaza kitambaa kikubwa au weka beseni chini. Shika kibano cha chini kwa mkono mmoja, toa nati, kifuniko cha vumbi na koni ya juu. Okota gololi za juu kwa sumaku, uzihesabu na uziweke kwenye kopo lake. Shusha mhimili taratibu. Gololi za chini zitaanza kudondoka. Zihesabu, uziweke kopo la pili. Usizichanganye, kwa sababu katika pikipiki nyingi gololi za chini ni kubwa kuliko za juu. Andika idadi zote mbili.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, kisha kagua kwenye mwanga wa jua. Pitisha ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya gololi: ikiruka mahali, hapo pana kishimo, hata kama jicho halikioni vizuri. Kutu, ngozi ya chuma iliyobanduka, au mlolongo wa madoa yaliyopangana sawa kuzunguka kikombe, yote yana hukumu moja: seti mpya. Vyuma vikiwa safi na vinang'aa, virudishe kwa grisi mpya na umshukuru Mungu. Wakati huo huo angalia maungio ya shingo na fremu, pande zote, kama kuna ufa. Tazama pia kama mhimili umepinda, hasa kama pikipiki imewahi kugonga kitu kwa mbele.

Kutoa vya zamani

Vaa miwani ya kazi. Chuma cha koni ni kigumu na kinavunjika vipande vyenye makali, na jicho halina spea.

Kikombe cha juu kinatolewa kwa kupigwa kutokea chini, na cha chini kutokea juu. Tumia fimbo ndefu ya chuma yenye ncha bapa, uipitishe ndani ya shingo mpaka ishike ukingo wa kikombe. Gonga upande mmoja, kisha upande ulio mkabala, kisha rudi, ili kitoke kikiwa sawa. Ukipiga upande mmoja tu kitainama na kuchubua shingo.

Kikigoma, kuna njia ya mafundi ambayo haijawahi kunivunja moyo: mchomeleaji apige mstari mfupi wa welding kuzunguka njia ya gololi, ndani ya kikombe kibovu. Chuma kilichoyeyuka kikipoa kinasinyaa na kuvuta kikombe kiwe chembamba, na mara nyingi kinatoka kwa mapigo machache. Afanye hivyo tangi likiwa mbali na waya wa betri umetolewa, na moto usiguse fremu.

Koni ya chini iliyoganda kwenye mhimili inatolewa kwa tindo inayoingizwa kati yake na kibano, pande mbili kwa zamu. Ikikataa, ikate kwa grainda kwa mshazari, usifike mwisho, bakiza kiasi cha unene wa kadi ya simu, kisha weka tindo kwenye mkato na upige pigo moja. Itapasuka. Mhimili usiguswe na jiwe la grainda.

Kuingiza vipya

Hapa ndipo seti nyingi mpya zinapouawa kabla hazijatembea hata mita moja. Kikombe kinapigwa nyundo kwenye njia ya gololi, alama inabaki, na usukani unakwaruza siku ya kwanza. Sheria ni fupi: nguvu ipite kwenye ukingo wa nje wa kikombe, kamwe isipite kwenye njia ya gololi.

Laza vikombe vipya kwenye friza usiku mzima, ndani ya mfuko wa plastiki. Safisha sehemu vinapokalia shingoni, toa kila chembe, paka mafuta kidogo. Ipashe shingo moto kwa vitambaa vilivyochovywa maji yanayochemka. Havitaharibu rangi wala waya. Chuma baridi kimesinyaa, chuma moto kimetanuka, na tofauti hiyo ndogo inapunguza nguvu utakayotumia.

Njia ninayoipendelea ni ya kuvuta: fimbo yenye thredi ndefu kuliko shingo, nati mbili na wosha mbili nene zinazofunika kikombe chote. Pitisha fimbo, weka kikombe mahali pake, kaza polepole huku ukizunguka na kutazama kama kinaingia sawa. Ukikiona kinainama, acha, kitoe, anza tena. Ingiza kikombe kimoja kwanza, halafu kingine. Kama huna fimbo hiyo, chukua kikombe cha zamani, kikate mpasuko kwa grainda ili kisije kikakwama, kigeuze juu ya kipya na upige hicho. Sikiliza: wakati kinaingia mlio ni mzito, kikifika mwisho mlio unabadilika, unakuwa mkali na mfupi. Halafu mulika kwa tochi kutokea ndani. Pasiwe na mwanya wowote chini ya kikombe.

Koni ya chini inaingia kwenye mhimili kwa kupigwa na bomba linalokalia ukingo wake wa ndani. Kabla ya hapo hakikisha mpira wa vumbi umetangulia. Ukiusahau, itabidi uitoe koni mpya, na koni haitoki bila kuumia. Ukiipasha moto koni kwanza, isizidi nyuzi 120 za Selsiasi.

Grisi na gololi

Jaza grisi kwenye kikombe cha juu na kwenye koni ya chini, tabaka nene, kisha pachika gololi moja moja. Grisi ndiyo inayozishika. Idadi ifuate kitabu cha pikipiki au hesabu uliyoandika, mradi seti iliyotolewa haikuwa na upungufu. Mduara ukijaa lazima ubaki uwazi kidogo, kiasi cha gololi moja au pungufu yake. Usishawishike kuongeza moja ili kujaza pengo hilo: gololi zilizobanana zinasuguana badala ya kubingirika. Kama ni roli, grisi isukumwe ndani kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili.

Paka mhimili wote grisi nyembamba kuzuia kutu. Kisha uupandishe ukiwa umenyooka, msaidizi akitazama juu, mpaka ukalie. Weka koni ya juu, kifuniko, na nati kwa mkono. Kama gololi imedondoka sakafuni, usijipe moyo kwamba ilikuwa ya ziada. Shusha, hesabu upya.

Kukaza

Mtu akiharakisha hapa, kazi yote ya asubuhi inapotea. Vyuma vipya havijakaa sawasawa vikombeni, na grisi nene inadanganya mkono. Kwa hiyo nati ya mikato inakazwa mara mbili, kwa nia mbili tofauti.

Mara ya kwanza kaza kwa nguvu ya wastani ili kila kitu kikalie. Geuza mhimili kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa. Kisha legeza nati kabisa. Mara ya pili kaza taratibu mpaka mchezo uishe hasa, uisogeze mbele kidogo tu, kiasi cha kuhisi grisi na si kiasi cha kuhisi uzito. Kama una kitabu cha pikipiki na toki renchi, fuata namba zake kwa hatua zote mbili. Usichukue namba ya pikipiki nyingine, zinatofautiana sana.

Rudisha kibano cha juu na shokapu, lakini bolti zinazobana shokapu zibaki zimelegea. Kaza nati kubwa ya juu kwanza, halafu ndipo ubane shokapu kwa vimo vile vile ulivyopiga picha. Nati kubwa ikikazwa inaisukuma ya mikato chini, na marekebisho yako yanabadilika. Kwa sababu hiyo lazima upime tena baada ya kila kitu kufungwa, na mara nyingi utalazimika kulegeza na kurudia. Kurudia mara mbili au tatu ni sehemu ya kazi hii.

Kipimo cha mwisho: gurudumu likiwa juu na waya zikiwa huru, nyoosha usukani katikati, uusukume kwa kidole. Unatakiwa uanguke wenyewe hadi mwisho, kushoto na kulia, bila kusita njiani. Ukihitaji kusukumwa, legeza. Ukiwa unaanguka vizuri lakini kidole cha msaidizi bado kinahisi mchezo, kaza kidogo. Vitabu vya ufundi vya Honda hutaka hata kuning'iniza mizani ya springi kwenye bomba la shokapu na kusoma nguvu inayoanzisha mzunguko. Ukiwa na mizani ya kuning'iniza na namba ya pikipiki yako, tumia. Hakuna kipimo cha haki zaidi ya hicho.

Kabla ya kuondoka minya breki ya mbele mpaka ishike, na geuza usukani huku injini ikiunguruma: sauti ikipanda, waya wa akseli umevutwa mahali. Jaribu kwenye njia isiyo na magari, bila abiria, mwendo mdogo kwanza.

Baadaye

Baada ya kilomita 300 hivi rudia kipimo cha kidole, kwa sababu vyuma vipya hukaa zaidi vikianza kazi, na mchezo mdogo huweza kurudi. Baada ya hapo, kwa pikipiki inayofanya kazi kila siku, mimi nashauri kipimo cha dakika tano kila mwezi, na kufungua na kutia grisi upya mara moja kwa mwaka, Februari ikiwezekana, kabla mvua za masika hazijaanza. Ikivuka mto au ikizama kwenye maji ya mafuriko hadi shingoni, usingoje Februari.

Kuna mambo ambayo hayafai kufanywa nyumbani. Kikombe kinachoingia shingoni kwa kusukumwa na kidole kina maana kwamba shingo yenyewe imelika, na kukifunga kwa kipande cha kopo la soda au kwa kutoboatoboa chuma kwa senta panchi ni kuahirisha ajali. Peleka kwa mkereza vyuma. Mhimili uliopinda unabadilishwa, haunyooshwi. Na fremu yenye ufa shingoni isiendeshwe kwenda gereji. Ipakie kwenye Toyo au kirikuu, hata kama gereji iko mtaa wa pili.